Kisu Kisichoonyeshwa Wageni

Kila mkusanyaji wa visu ninayemjua ana kisu kimoja asichopenda kukitoa mbele ya watu. Vingine vyote vitapangwa juu ya mkeka, kila kimoja na hadithi yake, kahawa italetwa pamoja na haluwa, mtabishana juu ya chuma na ala mpaka adhana ya isha, na hicho kimoja kitabaki kabatini kimefungwa kitambaa. Usipouliza hutaambiwa. Ukiuliza, utajibiwa "kile si kitu", na mazungumzo yatahamishwa.

Mara nyingi aibu yenyewe ni ya kawaida. Yuko aliyenunua kisu cha Damasko, bapa limejaa mawimbi ya kupendeza, halafu siku alipolipitisha msasa mawimbi yakatoka yote, maana yalikuwa yamechorwa kwa asidi juu ya chuma cha kawaida. Damasko inayofuliwa leo kwa uaminifu ni matabaka ya vyuma viwili yaliyounganishwa motoni. Ukiisugua, mawimbi yanafifia, lakini ukiitia asidi tena yanarudi palepale kwa sababu yamo ndani ya chuma. Yuko aliyetoka Nairobi na sime lenye ala nyekundu akiamini amepata silaha ya moran, kumbe ni bati lililokatwa ili litundikwe sebuleni. Sime la kweli la Wamasai lina uzito, mara nyingi limefuliwa kwa springi ya gari au tupa kuukuu, linapanuka kuelekea nchani, na ukilishika tu mkono wako unaelewa kazi yake. Hawa nawapa pole. Ni fedha tu iliyokwenda.

Zito kidogo ni la mwenye jambia la Kijerumani la zama za Hitler, lile lenye alama ya Wanazi kwenye mpini. Majambia hayo yalitengenezwa kwa wingi Solingen, mji wa Ujerumani uliojulikana kwa panga na visu tangu zama za kati, na baada ya vita yakaigwa kwa wingi vilevile. Mwenye nalo hana pa kutokea: likiwa la kuigwa ametapeliwa, likiwa la kweli liliwahi kuning'inia kiunoni mwa mtu ambaye asingekubali kumfungulia mlango.

Aibu ya namna hii ndiyo inayonikosesha usingizi, pale kitu kinapozidi kumuumbua mwenyewe kadiri kinavyozidi kuwa cha kweli. Na kwa sisi wa Bahari ya Hindi hatuna haja ya kwenda Ujerumani kuitafuta. Iko kwenye jambia la Yemen lenye mpini wa kipusa, yaani pembe ya faru.

Jambia wengi wetu tumelikuta nyumbani. Bwana harusi wa Mombasa, Lamu au Unguja huvaa joho na kilemba, na jambia hukaa mbele, katikati ya mshipi. Picha za masultani wa Unguja zinalo. Bendera ya Oman inalo, pembeni juu, pamoja na panga mbili zilizopishana. Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi na mila za khanjari, yaani jambia la Oman, katika orodha ya urithi usioshikika, na mimi nilifurahi kama mtu aliyesikia ndugu yake amepandishwa cheo, maana mafundi wale nawaheshimu sana. Yemen nayo ina jambia lake, pana zaidi, limepinda, lina makali pande zote mbili na mgongo ulioinuka katikati ya bapa. Huvaliwa kila siku, sokoni, msikitini, kwenye baraza ya kutafuna mirungi. Mtoto wa kiume akikua huvishwa. Ala yake ina maneno: iliyosimama wima na kupinda chini kwa ghafla ni ya watu wa makabila, na iliyolala kuegemea kulia ilikuwa ya makadhi na masayyid. Mtu akipita tu, wenzake wanajua ametoka ukoo gani.

Tunasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na mgeni angedhani basi kwamba thamani ya jambia iko kwenye makali. Sana'a, mji mkuu wa Yemen, mambo ni kinyume. Bapa linaweza kuwa zuri sana na bado likawa sehemu ya bei tu. Bei iko mpinini. Mpini wa plastiki ni wa maskini, wa mti una heshima yake, wa pembe ya nyati wa kutoka India ndio wa wengi, na juu ya yote kuna ule wanaouita saifani, wa kipusa kilichozeeka. Kipusa kipya hakivutii sana, kina rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi. Lakini kikishikwa na mkono miaka kwa miaka, kikapata jasho na mafuta ya kiganja, kinalainika na kuanza kupitisha mwanga, na kingo zake zinakuwa na rangi ya kaharabu. Watu wa Sana'a wanaweza kukaa saa nzima wakizungumza juu ya saifani mmoja, ulitoka kwa nani, ukaenda kwa nani, uling'aa lini. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba uzuri huo ni wa kuzua. Nimeuona. Ni uzuri kweli, na ndio unaofanya suala lote liwe gumu.

Mimi nakusanya vyuma vya bahari yetu: vitara, majambia, sime, visu vya mabaharia. Ami yangu wa Maskati alianza kabla yangu, na mengi ninayoyajua nimeyapata kwake. Aliondoka Unguja kijana baada ya mapinduzi ya 1964, akazunguka, na Sultani Qaboos alipoitawala Oman mwaka 1970 na kuwafungulia milango Waomani waliokuwa ng'ambo, akarudi kama wengi wa rika lake. Kazi ikampeleka Sana'a mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, na huko akanunua jambia. Miaka yote niliyokuwa nikienda kwake sikuwahi kuliona. Nililijua kwa sababu shangazi aliwahi kuliropoka.

Mwaka jana alilitoa mwenyewe. Tulikuwa tumemaliza kula, watoto wameondoka, akanyanyuka akaenda chumbani, akarudi na kifurushi cha kitambaa cha kijani.

"Una lenzi yako?"

"Ninayo, ami."

"Basi nitazamie mwanangu. Lakini funga mlango kwanza."

Jambia la kipusa halichunguzwi kwa bapa. Nililichomoa, nikaliweka pembeni kwa adabu yake, nikaushika mpini. Kwanza nikaumulika kwa tochi kutoka nyuma. Mwanga ukapenya pembezoni, manjano iliyoiva, na ndani yake ukaonyesha mistari myembamba inayokwenda sambamba kutoka juu hadi chini bila kukatika. Kisha nikaugeuza nikatazama kichwa chake kwa lenzi, pale ambapo pembe imekatwa kwa upana. Hapo ndipo ukweli unapokaa. Pembe ya nyati, ng'ombe au mbuzi huota juu ya mfupa, ina uwazi ndani, na nyama yake ni matabaka yaliyolala moja juu ya jingine. Pembe ya faru haina mfupa wala uwazi. Ni nyuzi tupu za ile dutu ya kucha na nywele, maelfu kwa maelfu, zimeshikana kuwa kitu kimoja kigumu, na ukizikata kwa upana unaona vitone vilivyosongamana kama ncha za brashi iliyonyolewa. Plastiki ina viputo vidogo vya hewa na haina kimoja kati ya hivyo. Watu wengine huchoma sindano na kunusa, lakini harufu ya nywele zilizoungua inatoka kwenye pembe ya nyati pia, kwa hiyo sindano inakutenganishia plastiki tu.

Vitone vilikuwepo, kila mahali nilipopeleka lenzi.

Ami alikuwa ananitazama uso, si mikono. "Eti nyati?"

"Hapana, ami. Ni kipusa."

Akanyamaza. Nimekaa na wakusanyaji wengi wakisubiri hukumu juu ya vitu vyao na wote huomba jambo moja, kiwe cha kweli. Ami alikuwa anaomba kiwe bandia. Alikuwa tayari kabisa kuambiwa kwamba muuzaji wa Sana'a alimpiga chenga, kwamba miaka arubaini na zaidi amehifadhi pembe ya nyati wa India kwenye hariri. Angecheka, tungetoka, angemsimulia shangazi. Sijawahi kuona mtu akisikitika hivyo kwa kuambiwa kwamba mali yake ni halisi.

Ili nieleze kwa nini, lazima nirudi nyuma sana. Kuna kitabu kidogo cha njia za bahari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Erithrea, na ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yanayotaja mwambao wetu. Mwandishi anaueleza mji wa biashara aliouita Rhapta, mahali fulani kwenye pwani ambayo leo ni ya Tanzania, na anaorodhesha kilichoingia na kilichotoka. Kilichoingia kilikuwa mikuki iliyotengenezwa makusudi kwa soko la huku katika bandari ya Muza, ambayo ni Yemen, pamoja na mashoka, visu na sindano nene za kutobolea. Kilichotoka kilikuwa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Kila nikiusoma ukurasa huo nashtuka upya. Karibu miaka elfu mbili iliyopita Yemen ilikuwa inatuletea visu na kuondoka na vipusa. Upepo ulikuwa huohuo, kaskazi wa kuja na kusi wa kurudi.

Kwa karne nyingi biashara hiyo haikummaliza faru. Soko lilikuwa dogo. Saifani ulikuwa wa wakubwa, na mtu wa kawaida hakuota kuuvaa. Kilichobadilisha kila kitu kilitokea katika muda mfupi ambao wazee wetu wanaukumbuka vizuri. Yemen Kaskazini, wakati ule nchi peke yake, ilimpindua imamu aliyeitawala mwaka 1962, ikaingia vitani mpaka 1970, na amani ilipopatikana bei ya mafuta ikaruka mwaka 1973. Vijana wa Yemen wakavuka mpaka kwa mamia ya maelfu kwenda kujenga Saudi Arabia. Wakarudi na fedha, na kitu cha kwanza ambacho kijana mwenye fedha alikitaka ni kile alichokuwa anakiona kiunoni mwa shekhe wake tangu utotoni. Nani angemlaumu? Kila jamii ina kitu kama hicho.

Pembe zilitoka kwetu. Mombasa palikuwa na bohari ya serikali tangu ukoloni ambapo pembe za ndovu na vipusa vilipigwa mnada kihalali, na pembeni mwa halali hiyo kulikuwa na magendo makubwa yaliyopanda majahazi na baadaye ndege. Aliyeifuatilia njia hiyo kuliko yeyote ni Esmond Bradley Martin, mwanajiografia Mmarekani aliyefanya Kenya kuwa nyumbani kwake. Naye hakuanza na wanyama, alianza na majahazi. Alikuwa anachunguza biashara ya vyombo vya tanga kati ya pwani yetu na Uarabuni, na shehena za pembe zikamvuta upande wa pili. Takwimu rasmi za Yemen Kaskazini zilionyesha kuingia kwa zaidi ya tani 20 za vipusa katika miaka minane hivi ya muongo wa 1970. Faru mweusi mmoja ana pembe mbili ambazo kwa pamoja hufika kilo tatu hivi. Piga hesabu: ni karibu faru elfu saba, kwa nchi moja, kwa kitu kimoja, na hiyo ni kwa yale yaliyoandikwa tu. Sehemu kubwa ya pembe haikufika hata mpinini, kwa sababu fundi akichonga hubaki na vipande na unga, na hivyo navyo vilikusanywa vikauzwa Mashariki ya Mbali kwa wauza dawa.

Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400. Mtu wa Mombasa akisafiri kwenda Nairobi anapita katikati ya Tsavo, barabara imepasua hifadhi, na huko walikuwako kwa maelfu. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na kufunga maduka ya nyara mwaka uliofuata, lakini ilikuwa imechelewa. Ilipoanzishwa ngome ya Ngulia ndani ya Tsavo Magharibi, mwaka 1986, ilianza na faru watatu ndani ya uzio. Watatu, Tsavo. Upande wa Kongo, mbuga ya Garamba ilikuwa na faru weupe wa kaskazini karibu 500 katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1984 wakabaki 15. Afrika nzima, faru weusi walishuka kutoka takribani 65,000 mwaka 1970 hadi kama 2,400 mwaka 1995. Leo wamepanda tena kupita 6,000, kwa jasho na damu ya askari wa wanyamapori ambao majina yao hatuyajui.

Sasa rudi kwenye jambia la ami, lililonunuliwa Sana'a mwishoni mwa miaka ya 1970 likiwa na mpini ambao ulikuwa bado haujaiva vizuri. Hapo ndipo utetezi wa wakusanyaji wengi unapoanguka. Wanasema, "ni la kale." Bapa linaweza kuwa la kale, na mara nyingi ni la kale kweli, kwa maana majambia hubadilishwa mipini kama tunavyobadilisha mikanda ya saa: mkia wa chuma huingizwa ndani ya pembe ukashikwa kwa lakiri, na fundi akiipasha moto hutoka. Lakini mpini ulio kwenye majambia mengi ya kipusa yaliyomo mikononi mwa watu wa nje ni wa miaka ile ile ya mauaji. Yule faru hakuwa wa babu yako wala wa Periplus. Alikuwa hai wakati ami anasikiliza habari za redioni kijana wa miaka ishirini na kitu.

Utetezi wa pili ndio unaoniuma zaidi kwa sababu una sura ya busara. Wanasema, "alikuwa amekwisha kufa, kisu kimekwisha tengenezwa, kukikataa hakumfufui." Ni kweli hakumfufui. Lakini kila jambia la kipusa linalouzwa leo, hata kimya kimya, hata kati ya ndugu wawili, linatangaza bei. Bei hiyo inasikika. Inamfikia mtu mwenye bunduki asiyejua kusoma jarida la minada wala hana haja nalo. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza vipusa mwaka 1982, na miaka ya mwanzo ya 1990 Mufti Mkuu alitoa fatwa kwamba kumuua faru kwa ajili ya pembe ni kinyume na mapenzi ya Mungu. Marufuku ikasaidia kidogo, fatwa ikasaidia kidogo, na pembe zikaendelea kuingia kwa miaka mingi kwa sababu tajiri fulani alikuwa bado yuko tayari kulipa. Bradley Martin aliendelea kwenda Sana'a kuhesabu na kuzungumza na wachongaji mpaka uzeeni. Mwezi Februari 2018 alikutwa ameuawa nyumbani kwake Nairobi. Mwezi uliofuata, tarehe 19 Machi, akafa faru aliyeitwa Sudan, dume wa mwisho wa wale weupe wa kaskazini, katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Kenya. Nilizisoma habari zote mbili nikiwa na jambia mkononi, moja lenye mpini wa mti, na sikuweza kuendelea kulisafisha siku ile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nausema bila kuuma maneno: jambia la kipusa haliuzwi. Halibadilishwi kwa kingine. Halipelekwi kwa dalali "akadirie tu". Si kwa sababu ya sheria peke yake, ingawa sheria ipo na ni kali. Faru wote waliingizwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1977, kwa hiyo kuvuka nacho mpaka kwa biashara hakuna njia. Tanzania inakihesabu kuwa nyara za serikali, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha na anayekutwa nazo bila kibali. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2013 yenye adhabu ambazo mtu mwenye akili hazichezei. Naandika haya kwa makusudi kwa ajili ya vijana wanaofungua masanduku ya mababu zao Lamu, Malindi, Pemba na Tanga. Kurithi si kibali. Ukikuta mpini unaopitisha mwanga na wenye vitone kichwani, usiupige picha ukautupia mtandaoni kuuliza bei. Mtafute wakili, kisha mwende pamoja kwenye ofisi ya wanyamapori mkaeleze ulikotoka. Najua watu wanaogopa kwenda. Lakini kukutwa nacho ni kubaya kuliko kujipeleka.

Wengine wananiuliza kwa nini basi kisichomwe, kama Kenya ilivyochoma tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja ya vipusa katika mbuga ya Nairobi mwaka 2016. Moto ule ulikuwa sahihi, na nilisimama upande wake wakati rafiki zangu wengi wa minada walipolia. Pembe zile hazikuwa na historia nyingine zaidi ya bunduki na gunia. Jambia lina mambo mawili ndani yake. Bapa lilifuliwa na mtu, labda Hadhramaut, labda Sana'a, akalipiga nyundo mpaka ule mgongo wa katikati ukasimama sawa kutoka mpinini hadi nchani bila kuyumba, kazi ambayo mimi sijaona mashine ikiifanya vizuri. Mtu huyo hana hatia yoyote na kazi yake haistahili kufichwa kwenye kitambaa cha kijani.

Hilo ndilo nililomwambia ami usiku ule, na hakunijibu mpaka asubuhi. Baada ya sala alinikuta barazani akanipa daftari, akaniambia niandike akisema. Akasema alinunua kwa nani, mtaa gani wa soko, kwa riyali ngapi, muuzaji alimwambia nini. Akasema pia kitu ambacho sikutarajia: kwamba alijua. Muuzaji alimwambia kwa fahari kwamba pembe imetoka Afrika Mashariki, "kwenu", na kwamba alijisikia wakati ule kama amenunua kipande cha nyumbani. Mzanzibari aliyefukuzwa na upepo wa siasa, yuko kwenye mji wa milimani asikojua mtu, anaambiwa hiki kimetoka kwenu. Mimi sina la kumlaumu. Niliandika kila neno kama alivyolisema, akatia sahihi chini, na karatasi ile ndiyo cheti cha jambia lile sasa. Mkusanyaji yeyote mwenye kitu cha namna hii namsihi afanye hivyo angali hai, kwa sababu watoto wakirithi kisu bila maneno watarithi pia kishawishi cha kukiuza.

Kisha tukakubaliana. Kipusa kitatolewa na kukabidhiwa kwa mamlaka ya mazingira ya Oman pamoja na nakala ya karatasi, wao wataamua. Bapa litabaki kwa ami na kuvishwa mpini mpya. Alitaka pembe ya nyati ili lifanane na la zamani, nikamkatalia, naye akakubali kwamba kufanana ndiko tunakokukimbia. Amechagua msandali, ambao mafundi wa khanjari wa Oman wanautumia na kuuchonga vizuri mno, na harufu yake haiishi. Fundi tuliyempata yuko Nizwa. Ametuma ujumbe kwamba kabla ya kugusa mti anataka kipimo cha mkia wa bapa, urefu, upana wa juu na unene, na ameonya kwamba lakiri ya zamani isipashwe na mtu asiyejua, kwa sababu moto ukizidi chuma kitalegea karibu na shina. Ami anataka nimpelekee mwenyewe mwezi ujao, na safari hii shangazi naye anakuja.